Panda Mwekundu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maisha Yake na Hatari Zinazomkabili

Kila video ya panda mwekundu inapozunguka mitandaoni, maswali huwa yaleyale. Huyu ni dubu? Anafugika? Mbona anasimama na kuinua mikono juu? Majibu yamepangwa hapa chini kwa makundi. Sehemu ya hatari zinazomkabili ndiyo ndefu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi: wengi hudhani adui wake ni jangili mwenye bunduki, na wengi hao wamekosea.

## Kumfahamu mnyama mwenyewe

Panda mwekundu ni mnyama gani?

Ni mnyama mdogo wa misitu ya milimani barani Asia. Uzito wake ni kati ya kilo 3 na 6. Mgongoni ana manyoya mazito ya rangi ya kutu, tumbo na miguu ni nyeusi, na uso ni mweupe wenye michirizi inayoshuka kutoka machoni hadi mashavuni. Mkia wake ni mrefu, mnene, wenye pete za rangi mbili zinazopokezana. Hata nyayo zake zimeota manyoya, ndiyo maana hatelezi kwenye theluji wala kwenye matawi yaliyolowa.

Watu humwona anang'aa sana kwenye picha wakajiuliza anajifichaje. Ukimtazama kwenye msitu wake utaelewa. Miti mikubwa ya kule imevikwa kuvumwani laini za rangi nyekundu-kahawia, huku kuvumwani nyingine nyeupe zikining'inia matawini kama ndevu. Akijikunja kwenye tawi la mti, chui anayetazama kutoka ubavuni haoni chochote. Anayetazama kutoka chini anaona tumbo jeusi likizama kwenye kivuli.

Kisayansi anaitwa *Ailurus fulgens*, jina alilopewa na Mfaransa Frédéric Cuvier mwaka 1825. Nepal wanamwita habre.

Je, ni ndugu wa yule panda mkubwa mweusi na mweupe?

Hapana. Panda mkubwa ni dubu. Panda mwekundu yuko peke yake katika familia yake, Ailuridae. Jamaa zake wengine wa familia hiyo walikwisha kutoweka na wanajulikana kwa mabaki ya mifupa tu. Jamaa wake wa karibu walio hai ni rakuni na jamii ya vicheche. Kwa maana hiyo, nyegere na fisi maji tunaowajua Afrika Mashariki wana undugu wa karibu zaidi na panda mwekundu kuliko alio nao panda mkubwa.

Kwa jina, huyu mdogo ndiye aliyetangulia. Sayansi ya Ulaya ilimwandika mwaka 1825, na panda mkubwa akafuata mwaka 1869, miaka 44 baadaye.

Kinachowachanganya watu ni kwamba wote wawili hula mianzi na wote wana "dole gumba" la ziada, ambalo kwa kweli ni mfupa wa kifundo cha mkono uliorefuka ili kusaidia kushika. Kila mmoja alilipata kwa njia yake. Mwaka 2006 watafiti walieleza mifupa ya mnyama wa kale aitwaye Simocyon, aliyechimbuliwa Hispania, jamaa wa mbali wa panda mwekundu. Naye alikuwa na dole hilo ingawa alikuwa mla nyama. Inaelekea katika ukoo huu lilianza kwa ajili ya kupanda miti, na mianzi ikaja baadaye.

Anaishi nchi gani?

Nepal, India, Bhutan, Myanmar na China. Ni ukanda mwembamba unaofuata miteremko ya Himalaya na milima ya kusini-magharibi mwa China, kati ya mita 2,200 na 4,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa India yuko Sikkim, Darjeeling na Arunachal Pradesh. Myanmar yuko jimbo la Kachin, kaskazini kabisa. China yuko Sichuan, Yunnan na Tibet. Mikoa mingine ya China aliyowahi kuishi, kama Guizhou na Shaanxi, haina tena panda mwekundu.

Ramani humwonyesha kama doa refu la rangi moja, na hilo linapotosha. Ndani ya doa hilo anahitaji mambo matatu yawe pamoja: miti mikubwa ya kulala na kuzalia, mianzi mingi chini yake, na maji karibu. Kikikosekana kimoja, hayupo.

Afrika wapo?

Porini hawapo na hawajawahi kuwepo. Tunayo misitu ya mianzi, kwa mfano Aberdare na Mlima Kenya, na kule Virunga kuna kima wa dhahabu anayeitegemea mianzi kwa chakula, lakini huyo ni kima tu, asiye na uhusiano wowote na panda.

Anakula nini, na kwa nini mianzi?

Zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake ni mianzi: ncha laini za majani, na machipukizi yanapochomoza. Msimu wa matunda huongeza matunda ya mwituni, na mara mojamoja hula mayai au ndege mdogo.

Shida ni kwamba ana tumbo la mla nyama. Utumbo wake ni mfupi, na hana tumbo la vyumba vinne kama ng'ombe. Katika majani anayoyala hufaidi takriban robo tu, yanayobaki hutoka jinsi yalivyoingia. Hivyo hulazimika kula sana: anaweza kutumia hadi saa 13 kwa siku akitafuta na kutafuna. Huchagua jani mojamoja, hulikata kwa meno ya pembeni, akalitafuna kwa makini kuliko panda mkubwa anavyofanya. Muda unaobaki hulala, mkia ameufunga usoni kama blanketi, ili asipoteze nguvu.

Shika jambo hili, maana karibu kila hatari iliyoelezwa huko mbele inaanzia hapa. Huyu ni mnyama asiye na akiba. Ukimfukuza mara tatu kwa siku kutoka kwenye chakula chake, umempokonya kitu ambacho hana namna ya kukifidia.

Huzaa watoto wangapi?

Mmoja hadi wanne, mara nyingi wawili. Jike hupata joto mara moja kwa mwaka, na kwa muda mfupi sana, siku moja au mbili. Mimba huchukua siku 114 hadi 145 na watoto huzaliwa kati ya Mei na Julai, kwenye tundu la mti au mwanya wa mwamba. Huzaliwa vipofu, na macho hufunguka baada ya siku 18 hivi. Mama huwahamisha kutoka kiota hadi kiota, na akisumbuliwa huhama zaidi. Watoto wachanga hawavumilii kuhamishwahamishwa. Uzazi wa mwendo huu hauwezi kuziba haraka pengo la wanaokufa.

Nimesikia wapo wa aina mbili. Ni kweli?

Ndiyo. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa nususpishi mbili, yaani matawi mawili ya spishi moja: wa Himalaya na wa China. Mwaka 2020 watafiti wa China walichapisha uchunguzi wa vinasaba uliopendekeza kuwa ni spishi mbili kamili, na kwamba mto Yarlung Zangbo ndio unaowatenganisha. Wa China ni mkubwa kidogo, uso wake ni mwekundu zaidi na pete za mkia zinaonekana waziwazi; wa Himalaya ana uso mweupe zaidi.

Hili lina uzito wake kwenye uhifadhi. Uchunguzi huohuo ulionyesha kuwa yule wa Himalaya ana utofauti mdogo wa vinasaba na aliwahi kupungua sana huko nyuma. Ukiwahesabu wote kwenye kapu moja, hali yake mbaya inafichwa na mwenzake.

## Idadi yake

Wamebaki wangapi?

Makadirio yanayotumika ni kwamba watu wazima porini hawafiki 10,000. Mwaka 2015 IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, ilimweka tena kwenye kundi la walio hatarini kutoweka katika Orodha Nyekundu, ikikadiria kuwa idadi yao imepungua kwa nusu ndani ya vizazi vitatu, yaani miaka 18 hivi.

Usishangae ukikutana na namba tofauti. Huyu ni mnyama wa peke yake, hutembea alfajiri na jioni, hukaa juu ya miti kwenye ukungu wa mita 3,000. Wanaomfuatilia hutegemea zaidi kinyesi chake, ambacho kwa bahati hukiacha mahali palepale kama choo, na kamera zinazojipiga zenyewe. Kuhesabu vichwa kama tunavyohesabu tembo kwa ndege haiwezekani.

## Hatari zinazomkabili

Ni nini hasa kinachomwangamiza?

Ni msitu wake kukatwa vipande, pamoja na mambo ya kila siku yanayofanyika ndani ya vile vipande: kuchunga, kukata kuni na mianzi, mbwa wanaozurura, na mitego iliyowekewa wanyama wengine. Uwindaji wa kumlenga yeye upo (tazama swali la ngozi), lakini ukiupiga vita huo tu na kuyaacha haya mengine, panda mwekundu atakwisha hata kama hakuna anayemtaka.

Naona ni vyema kulisema waziwazi, kwa kuwa picha ya jangili mbaya inafariji. Inatupa mtu wa kumkamata. Hapa wahusika wengi ni mama anayetafuta kuni za kupikia na mfugaji anayetafuta malisho. Si watu wabaya, na hakuna suluhisho litakalodumu linalowaweka wao upande wa maadui.

Mifugo inamdhuru vipi wakati yeye anaishi juu ya miti?

Hushuka chini kula, na mianzi ya Himalaya ni mifupi. Ng'ombe, mbuzi na chauri, ambao ni mchanganyiko wa ng'ombe na yak (ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu), huila na kuikanyaga.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Langtang, Nepal. Tangu miaka ya 1950 kulianzishwa kule utengenezaji wa jibini, na wafugaji wakapata soko la uhakika la maziwa. Makundi ya chauri yakawa yanapandishwa kwenye misitu ileile ya misonobari na mianzi ambamo panda wekundu wanazaa, na miezi ileile ya mvua ambayo watoto bado wako kiotani. Pralad Yonzon, mwanabiolojia wa Nepal, pamoja na Mmarekani Malcolm Hunter, waliwafuatilia wanyama hao na mwaka 1991 wakaonyesha kuwa vifo vingi, hasa vya watoto, vilitokana na shughuli za watu, mifugo na mbwa wao. Mteja mkubwa wa jibini hiyo alikuwa nani? Watalii waliokuja kuona milima.

Pendekezo lao halikuwa kufunga viwanda vya jibini. Walitaka malisho yapangwe, ili sehemu bora za panda ziachwe wakati wa kuzaa. Zaidi ya miaka 30 baadaye hiyo bado ndiyo njia ya busara.

Kwa nini mbwa wanatajwa sana?

Kwa sababu mbili, na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Kwanza, mbwa wa wachungaji na mbwa koko humkimbiza na kumuua. Akiwa chini ya mti hana mbio za kumwokoa. Pili, mbwa hubeba distempa, ugonjwa wa virusi ambao kwa panda mwekundu ni kifo. Si lazima mbwa amng'ate, inatosha kuwa karibu na mbwa mgonjwa.

Wasomaji wa Tanzania na Kenya wana sababu ya kuuelewa ugonjwa huu. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu 1,000, na mbwa wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi walishukiwa kuwa chanzo. Baadaye ikaanzishwa kampeni ya kuwachanja mbwa wa vijijini. Simba wa Serengeti walikuwa wengi na wakarudi. Kwenye kipande cha msitu chenye panda wekundu wachache tu, mlipuko wa namna hiyo unaweza kumaliza wote, na hakuna wengine wa kuja kuziba nafasi. Mashariki mwa Nepal sasa nako mbwa wanachanjwa na kufungwa uzazi.

Mitego yenyewe ikoje?

Ni vitanzi vya waya au kamba vinavyofungwa kwenye njia za wanyama. Aliyetega anamtaka nguruwe mwitu, au paa wa miski ambaye dume lake lina kifuko cha miski kinachouzwa ghali. Kitanzi hakichagui. Panda mwekundu akishuka kwenda kunywa maji hufuata njia hizohizo.

Ni tatizo lilelile la mitego ya nyumbu kandokando ya Serengeti, na dawa ni ileile: watu kuingia msituni na kuing'oa mmoja baada ya mwingine, kila mwezi, bila kuchoka.

Barabara moja tu inaweza kuleta madhara gani?

Makubwa. Barabara ya mlimani hukata mteremko kutoka upande hadi upande, na kifusi chake hutupwa chini na kufunika mianzi. Kisha huja maduka, nguzo za umeme, mbwa na wakata mbao. Aliyekuwa na msitu mmoja anabaki na vipande viwili visivyoungana.

Mwaka 2019 watafiti wakishirikiana na jamii za mashariki mwa Nepal waliwafunga panda wekundu 10 mikanda ya shingoni ya kuwafuatilia kwa setilaiti, wakiongozwa na mwanasayansi wa Nepal, Damber Bista. Walibaini kuwa eneo analolizunguka dume ni karibu mara mbili ya lile la jike, na kwamba msitu ulivyokatwakatwa na kujaa watu, wanyama walibadilisha mienendo yao ili kuwakwepa. Kukwepa kunakula muda wa kula, na tumekwisha kuona hana muda wa ziada (tazama swali la chakula).

Mabishano ya namna hii yanaendelea hadi leo. Wilayani Taplejung, hukohuko mashariki mwa Nepal, mradi wa magari ya waya ya kupeleka mahujaji kwenye hekalu la Pathibhara umepingwa vikali na Walimbu, wenyeji wa huko, ambao mlima huo ni mtakatifu kwao, na msitu unaokatwa ni makazi ya panda mwekundu.

Ni kweli mianzi ikichanua inakufa?

Ni kweli. Aina nyingi za mianzi hukaa miongo kadhaa bila ua hata moja, kisha zikachanua zote kwa pamoja mlima mzima na kufa. Ilitokea Sichuan miaka ya 1970 na tena 1983, na panda wakubwa wakafa njaa.

Zamani halikuwa janga. Mnyama alihamia bonde la pili au akapanda juu kidogo kwenye mianzi ya aina nyingine. Siku hizi kati yake na bonde la pili kuna shamba, kijiji na barabara. Maumbile hayajabadilika, njia ndiyo iliyofungwa.

Na mabadiliko ya tabianchi?

Joto likiongezeka mianzi na miti hupanda juu, na panda huifuata. Lakini mlima hupungua upana kadiri unavyopanda, na juu kabisa ni mawe na theluji. Wakulima na wafugaji nao wanapanda juu kwa sababu hiyohiyo.

Bado wanamwinda kwa ajili ya ngozi?

Ndiyo. Mkoani Yunnan kofia za ngozi yake zilivaliwa na maharusi kama ishara ya baraka. Nepal polisi wamekuwa wakikamata watu na ngozi, na uvumi una mchango wake: mwanakijiji husikia kwamba mahali fulani kuna tajiri anayelipa pesa nyingi, anaua kwanza, kisha ndiyo anatafuta mnunuzi. Kukanusha uvumi huo kwa lugha za kule ni kazi ya uhifadhi kama kazi nyingine.

Biashara ya wanyama hai ndiyo inayonitia hofu mpya. Januari 2018 panda wekundu sita walikamatwa Laos wakiwa wanasafirishwa kwenye masanduku. Watatu walikufa muda mfupi baadaye. Machi 2024 maofisa wa forodha kwenye uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, walikuta wanyama 87 kwenye mizigo ya abiria waliokuwa wakielekea Mumbai. Panda mwekundu mmoja alikuwa amefungiwa kwenye kikapu.

## Juhudi za kumwokoa

Sheria zinamlinda?

Zinamlinda kote anakoishi. India anatajwa kwenye jedwali la kwanza la sheria ya wanyamapori ya mwaka 1972, Nepal analindwa na sheria ya mwaka 1973, na tangu 1995 yuko kwenye Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES, unaopiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Pengo liko kwenye ardhi. Nepal takriban asilimia 70 ya makazi yake iko nje ya hifadhi, kwenye misitu ya vijiji. Askari wa hifadhi hawafiki huko.

Basi huko nje ya hifadhi nani anamlinda?

Wanavijiji wenyewe, na hapa ndipo penye matumaini makubwa kuliko popote. Shirika la Red Panda Network, lililoanzishwa mwaka 2007, limeajiri wakazi wa wilaya za Panchthar, Ilam na Taplejung kuwa walinzi wa msitu. Wilaya hizo tatu ni ushoroba unaounganisha misitu ya Nepal na ya India.

Kazi ya mlinzi ni ya mikono na miguu. Hupita kwenye mistari iliyopimwa, hutafuta kinyesi, hupima unene wa mianzi, huandika alama za panga na kwato alizoziona, hung'oa mitego. Jioni hurudi kijijini kwake, na hapo ndipo penye uzito wake: anayemwambia jirani asikate mti wenye tundu ni mtoto wa palepale, mwenye shamba palepale. Sambamba na hayo kuna majiko banifu yanayopunguza kuni, vitalu vya miche, na wageni wanaolala kwenye nyumba za wanakijiji ili wapelekwe kumwona habre, hivyo mnyama akiwa hai huleta fedha mezani.

Bustani za wanyama zina faida yoyote, au ni kifungo tu?

Swali ni la haki. Kwa panda mwekundu zina faida, mradi ziwe zile zilizo kwenye mpango wa pamoja wa uzazi. Bustani ya Rotterdam hutunza daftari la kimataifa la ukoo wa panda wekundu walio kwenye bustani, ili ndugu wasizaliane. Darjeeling, bustani ya Padmaja Naidu iliyoanzishwa mwaka 1958 huzalisha panda wekundu kwa lengo la kuwarudisha porini. Mwaka 2003 majike wawili waliachiwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Singalila, na katika miaka ya karibuni kazi hiyo imeanzishwa upya.

Lakini kuachia wanyama kwenye msitu wenye mbwa, mitego na ng'ombe ni kuwapeleka kwenye kifo. Kazi ya msituni ndiyo itangulie.

## Maswali ya pembeni

Naweza kumfuga nyumbani?

Hapana. Kisheria huwezi kumpata kihalali (tazama swali la sheria). Na hata ungempata, anahitaji majani mabichi ya mianzi kila siku, baridi ya milimani, na miti ya kupanda. Joto la Dar es Salaam au Mombasa lingemuua. Ana kucha kali na tezi za harufu karibu na mkundu. Video za panda mwekundu akibembelezwa nyumbani huchochea hamu inayojaza vikapu kama kile cha Bangkok. Usizisambaze.

Anaposimama na kuinua mikono, anacheza?

Ameogopa. Anajifanya mkubwa mbele ya kitu anachokiona ni tishio, na hiyo mikono iko tayari kushuka na kucha. Ukiona video ya namna hiyo, jua aliyeshika kamera yuko karibu mno.

Ni kweli huwa wanatoroka?

Hutoroka, kwa kuwa ni wapandaji hodari. Juni 2013, panda mwekundu aitwaye Rusty alitoweka kwenye bustani ya taifa ya wanyama ya Washington na akapatikana siku hiyohiyo mtaa wa Adams Morgan, baada ya mpita njia kuweka picha mtandaoni. Desemba 1978 mmoja alitoroka Rotterdam, akakutwa amekufa karibu na bustani. Magazeti yalipotangaza kutoroka kwake, watu zaidi ya 100 kutoka pande zote za Uholanzi walitoa taarifa kwamba wamemwona, wakati alikwisha kufa. Watafiti wa ushahidi wa macho bado wanautumia mfano huo, na wanaohesabu wanyama adimu kwa kuwauliza watu wangefaa kuukumbuka.

Nikiwa Ulaya au Marekani, nitamwona wapi?

Bustani nyingi kubwa wanaye, zikiwemo za Rotterdam na Washington. Nenda asubuhi na mapema au siku ya baridi. Mchana wa joto utakuta mkia tu juu ya tawi. Uliza kama bustani hiyo inachangia kazi yoyote Himalaya. Isipochangia, uliza tena utakaporudi.

Nikimwona anauzwa mtandaoni nifanye nini?

Usijadiliane bei, hata kwa nia ya kumwokoa, maana malipo yako yatagharimia kukamatwa kwa mwingine. Piga picha ya skrini yenye jina la akaunti na tarehe, toa taarifa kwa mtandao husika, kisha kwa mamlaka ya wanyamapori ya nchi uliyopo. Usiweke tangazo hilo kwenye ukurasa wako ili kulilaani. Utamtafutia muuzaji wateja.

Niko mbali na sina pesa nyingi. Kuna ninachoweza kufanya?

Kipo. Siku ya Kimataifa ya Panda Mwekundu huadhimishwa kila Jumamosi ya tatu ya Septemba, tangu mwaka 2010. Walimu wameitumia kuwafundisha watoto darasani, na inafaa sana kwenye shule zilizo karibu na misitu yetu, maana mada ni ileile: kuni, mbwa, mitego, shoroba. Mwenye kiasi kidogo anaweza kuchangia mshahara wa mlinzi wa msitu kupitia mashirika yanayofanya kazi na vijiji. Kabla ya kutuma, angalia kama ripoti zao zinataja vijiji, walinzi na urefu wa njia walizokagua. Shirika linaloonyesha picha za wanyama tu, bila kuonyesha watu wanaoishi nao, liulize maswali zaidi kwanza.